Chuo cha Kwanza kwa Kipimo Gani?

Mpenzi msikilizaji, popote ulipo kwenye mwambao huu wa ziwa letu la Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na wewe uliye juu Mbinga kwenye baridi na kahawa, leo nina jambo la vyuo vikuu, na naomba usizime redio ukidhani ni jambo la wasomi peke yao. Mtoto ni wako, ada ni yako, na muhogo utakaouuza ili afike chuoni umeulima kwa mikono yako mwenyewe.

Jumapili iliyopita jioni nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Lundo, naanua usipa kichanjani kabla umande haujashuka. Akaja binti wa jirani. Huyu nilimfundisha Hisabati kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Akaenda kidato cha tano kusoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, akamaliza shahada ya kwanza ya takwimu, na sasa anataka uzamili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Hakuvuta kigoda. Alinikabidhi karatasi mbili alizozichapisha steshenari ya Mbamba Bay. Kila moja ina orodha ya vyuo vikuu: hiki cha kwanza Tanzania, hiki cha pili, kile cha ngapi Afrika, cha ngapi duniani. Baadhi ya majina ameyazungushia wino mwekundu.

"Mwalimu, nimeamua kwenda chuo cha kwanza. Lakini karatasi hizi hazikubaliani. Chuo ambacho hapa ni cha pili, pale hakimo hata kwenye tano bora. Nishike ipi?"

Nikamuuliza, cha kwanza kwa kipimo gani? Akazitazama karatasi zote mbili, mbele na nyuma. Kipimo hakikuandikwa popote.

Hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Tumezoea kuulizana nani wa kwanza, na swali la pili, la kipimo, hatulifikii. Na kosa hilo linapomkuta kijana anayechagua mahali pa kusoma hisabati, takwimu au uchumi kwa ngazi ya juu, linaweza kumgharimu miaka. Najua ninachosema, na nitakueleza baadaye kwa nini.

Unaikumbuka Januari ilivyokuwa? Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kabla mzazi hajaipata namba ya mwanawe, nchi nzima ilikuwa imeshatajiwa shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Tarehe 29 Januari 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, likatangaza matokeo ya mtihani wa 2022 bila orodha hiyo. Kaimu Katibu Mtendaji wa wakati ule, Athumani Amasi, alisema utaratibu ule hauna tija. Wako waliolalamika. Mimi nilishukuru, kwa sababu moja tu. Shule inayochagua watoto waliokwisha kufaulu, ikawalaza bwenini, ikawapa walimu watano wa Hisabati, kisha ikafaulisha, imeongeza nini juu ya kile walichokuja nacho? Na shule ya mwambao yenye mwalimu mmoja wa Hisabati kwa vidato vyote, ambayo imemtoa mtoto kwenye sifuri ikamfikisha kwenye C, imeongeza nini? Orodha ya kumi bora haikuwa na mahali pa kulijibu swali hilo. Ilipima tulipofika. Tulipoanzia haikupauliza.

Sasa kwenye shule tumeiondoa orodha, lakini kwenye vyuo vikuu imeingia kwa mlango wa uani, imebebwa kwenye simu.

Mwenye kalamu aishike, nitasema taratibu. Fikiria mitumbwi mitatu imevutwa mchangani asubuhi hapa Lundo. Wa kwanza huleta usipa kwa wingi. Wa pili huleta samaki wachache, lakini ni mbasa, ni samaki wa bei. Wa tatu hauleti cha kushangaza watu, ila hauna siku unayorudi mtupu. Tuipe alama, kumi ndiyo ya juu kabisa, katika mambo matatu: wingi, bei na uhakika. Mtumbwi wa kwanza upate 9 ya wingi, 4 ya bei na 5 ya uhakika. Wa pili 5 ya wingi, 9 ya bei na 5 ya uhakika. Wa tatu 6, 6 na 8. Jumlisha. Wa kwanza una 18, wa pili 19, wa tatu 20. Kwa hiyo mtumbwi bora ni wa tatu, tuupigie makofi.

Ngoja. Mwenyekiti anasema kijiji kina njaa, wingi uhesabiwe mara mbili. Jumlisha upya. Wa kwanza sasa una 27, wa pili 24, wa tatu 26. Bora ni wa kwanza. Anasimama mfanyabiashara wa kutoka Songea, anasema hapana, kinacholeta pesa ni bei, bei ndiyo ihesabiwe mara mbili. Jumlisha: 22, 28, 26. Bora ni wa pili.

Msikilizaji, samaki ni wale wale. Hakuna mvuvi aliyeongeza wavu wala aliyelala. Mitumbwi yote mitatu imekuwa ya kwanza ndani ya dakika mbili, na kilichobadilika ni uamuzi wa aliyeshika kalamu. Binti alipoyafanya mahesabu haya mchangani kwa kijiti, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe orodha ni maoni yaliyovalishwa namba." Nimefundisha miaka mingi, na jibu la namna hiyo humfanya mwalimu alale usingizi mzuri.

Basi tuwatazame walioshika kalamu. Orodha ya Shanghai ilianza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Jiao Tong, China. Hiyo huhesabu, pamoja na mambo mengine, tuzo za Nobel na nishani za Fields walizopata wahitimu na walimu wa chuo. Kwa chuo cha kwetu kilichozaliwa miaka ya sitini au juzijuzi, kipimo hicho hakina la kukwambia kuhusu mwalimu atakayekufundisha mwaka ujao. Ziko orodha za Waingereza, Times Higher Education na QS, ambazo zilikuwa moja kuanzia 2004, zikaachana baada ya 2009. Hizo huuliza wanataaluma duniani kote chuo gani wanakiheshimu. Na sisi Afrika Mashariki, mara nyingi ukisikia mtu anajivunia kwamba chuo chake ni cha kwanza nchini, chimbuko ni Webometrics, orodha iliyoanzishwa na maabara moja ya utafiti nchini Hispania mwaka 2004. Kwa sehemu kubwa hiyo hupima uwepo wa chuo kwenye intaneti: tovuti nyingine ngapi zinaelekeza kwenye tovuti yake, na kazi za watu wake zinaonekana na kunukuliwa kiasi gani mtandaoni. Ni kipimo halali kwa kazi yake. Lakini mzazi anayeuza gunia la mpunga kwa sababu ya namba ile anadhani imepima ufundishaji, na haikuupima.

Wamarekani wamefika mbali zaidi, maana wao hupanga hata programu moja moja za uzamivu: hisabati peke yake, takwimu peke yake, uchumi peke yake. Jarida la U.S. News & World Report ndilo linalojulikana sana kwa kazi hiyo. Unajua katika fani hizo wanapimaje? Wanawatumia dodoso wakuu wa idara na wasimamizi wa masomo ya juu wa vyuo vingine, kila mmoja azipe idara za wenzake alama kuanzia 1 hadi 5. Wanachukua wastani, basi. Idadi ya wanafunzi waliomaliza haimo. Idadi ya waliokata tamaa haimo. Ni sifa tupu, imepigiwa wastani. Na sifa, kama unavyojua, huchelewa. Profesa anaweza kuwa amehama miaka kumi iliyopita, jina lake likaendelea kuishikilia idara, kama harufu ya samaki inavyobaki kwenye ndoo iliyokwisha kuoshwa.

Mwaka 2010 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilijaribu njia nyingine, na mimi naliheshimu kwa jaribio lile. Lilipima programu za uzamivu zaidi ya 5,000 katika vyuo 212. Kisha halikutoa namba moja kwa kila programu, lilitoa mipaka: idara hii iko mahali fulani kati ya nafasi hii na ile. Nafasi hizo mbili mara nyingi zilipishana sana. Watu walikasirika, walitaka namba moja. Lakini yeyote aliyesoma takwimu anajua kwamba kipimo kisichotaja ukubwa wa kosa lake ni nusu ya kipimo. Tatizo la Baraza lilikuwa jingine: data zilikusanywa kwa mwaka wa masomo 2005/06, na ripoti ikatoka Septemba 2010. Mwanafunzi aliyeisoma alikuwa anatazama picha ya nyumba ambayo huenda imeshapigwa bati jipya, au imeshaezuliwa.

Na kuna hili la chuo kikuu cha Columbia, New York, ambalo kila mwalimu wa Hisabati angelisimulia darasani. Columbia ilikuwa imepanda mwaka hadi mwaka mpaka ikashika nafasi ya pili katika orodha ya U.S. News ya vyuo vya taifa. Februari 2022, profesa wa hisabati wa chuo hicho hicho, Michael Thaddeus, akaandika uchambuzi mrefu wa takwimu ambazo chuo chake kilizipeleka kwa jarida hilo: ukubwa wa madarasa, uwiano wa walimu na wanafunzi, elimu ya walimu, matumizi ya fedha. Akalinganisha na kile kilichoweza kuonekana kwenye kumbukumbu za chuo zenyewe. Hazikulingana. Septemba mwaka huo chuo kikakiri kwamba baadhi ya takwimu hazikuwa sahihi, na katika orodha mpya kikashuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Hebu fikiri. Kati ya mwaka mmoja na wa pili, walimu walikuwa wale wale na maktaba ile ile. Kilichoanguka ni namba. Aliyeiangusha alikuwa mtu wa nyumbani, hakuwa adui wa chuo, ni mtu aliyeamini kwamba chuo hakistahili kusifiwa kwa hesabu mbovu. Natamani kila idara yetu iwe na Thaddeus wake.

Sasa turudi nyumbani. Je, nasema sifa haina maana? La. Sifa ina maana, ila lazima ujue imejengwa na nini. Na katika fani za hesabu, Afrika Mashariki ina mifano yake ya kujenga sifa, ambayo kwangu mimi ina uzito kuliko orodha zote zile.

Mwanzoni sifa tuliiazima. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Kuazima jina kulikuwa na faida moja ambayo tusiisahau: mtu wa nje, asiyekujua wala kukuonea huruma, aliusoma mtihani wako. Mtahini wa nje. Huyo ndiye nguzo ya sifa ya shahada yoyote, na orodha za kwenye simu hazimtaji.

Wanauchumi wa Afrika walilielewa hilo vizuri. Mwaka 1988 iliundwa taasisi ya pamoja ya utafiti wa uchumi, AERC, yenye makao Nairobi. Mwaka 1993 ikaanzisha uzamili wa ushirikiano: mwanafunzi anasoma masomo ya msingi chuoni kwake, kisha wanafunzi wa nchi mbalimbali wanakutana Nairobi kwa miezi kadhaa, wanafundishwa masomo ya kuchagua na wahadhiri waliotoka huku na huku, wanafanya mitihani ileile, halafu kila mmoja anarudi kwao kuandika tasnifu. Mwaka 2002 ukafuata uzamivu kwa mtindo huohuo, na Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vinavyoutoa. Angalia werevu wake. Nchi nyingi hazikuwa na walimu wa kutosha wa ekonometriki ya juu, basi wakakusanya walimu wachache waliopo, wakawaleta wanafunzi wote mbele yao. Na kijana wa Dar aliyekaa chumba kimoja cha mtihani na wa Malawi na wa Ethiopia anajua alipo bila kusoma orodha ya mtu. Karatasi ni moja, saa ni moja.

Wanahisabati nao wana mfano wao. Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye wazazi wake walikuwa wakimbizi wa siasa, aliishi utotoni hapa Tanzania. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya AIMS huko Cape Town, ambako wanafunzi wa uzamili kutoka Afrika nzima hufundishwa na wahadhiri wanaokuja kwa zamu, wiki tatu tatu, huku mwalimu na mwanafunzi wakiishi na kula pamoja. Kituo cha Tanzania kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 2014, cha Rwanda mwaka 2016. Jina lile halikungoja miaka mia. Lilijengwa na swali linaloulizwa mezani saa ya chakula cha usiku, na mwalimu ambaye hana pa kulikwepa.

Hapo namkumbuka Erasto Mpemba. Wengi mnamjua, yule mwanafunzi aliyeona maziwa ya moto yameganda kabla ya yale ya baridi alipokuwa akitengeneza aiskrimu shuleni Magamba. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza jambo hilo mgeni aliyekuja kuzungumza nao, Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alitaka jambo hilo lipimwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Ukiniuliza idara bora ni ipi, nitakwambia ni ile ambayo mwalimu wake akiulizwa asilolijua huenda kupima. Jambo hilo halina kisanduku chake kwenye dodoso la mtu yeyote.

Na hapa kwetu juu, msikilizaji wa Mbinga, unakumbuka watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipokuja na wenzao wa Kyoto, Japani, miaka ya tisini, wakakaa Umatengoni kuchunguza ngoro? Mashimo yale ambayo babu zenu waliyachimba kwenye miteremko kuzuia maji yasibebe udongo, wao waliyachukulia kama elimu inayostahili kuchunguzwa. Kijana anayetaka kujifunza kupima, mimi ningempeleka kwa watu wa namna ile, wanaolala kijijini mpaka wajue wanachokipima ni nini.

Nilisema nitakueleza kwa nini najua. Nami nilitafuta uzamili. Nilichagua kwa jina. Chuo sikitaji, na wala si lazima, maana yaliyonipata yamewapata wengi mahali pengi. Mtu niliyemfuata, ambaye vitabu vyake nilivisoma, alikuwa ameshaondoka miaka miwili kabla sijafika. Nikapewa msimamizi mwingine mwenye wanafunzi wengi kuliko siku za mwezi. Nilipeleka sura ya kwanza ya tasnifu, nikasubiri miezi minane. Ikarudi na alama ya tiki moja kwenye ukurasa wa tatu. Nilikuwa napanda basi siku mbili kwenda kuonana naye, nafika nakuta yuko semina. Shahada ya miaka miwili niliimaliza kwa sita. Mama yangu aliuza ng'ombe wawili katika miaka hiyo, na alifariki kabla sijavaa joho. Kwa hiyo ninapoziona namba zimezungushiwa wino mwekundu, sioni namba. Nawaona wale ng'ombe.

Ndiyo maana nilimwambia binti, weka karatasi hizo chini ya mtungi zisipeperuke, tuandike barua. Chuo kikuu ni soko zima, idara ni meza moja. Hununui soko. Kwenye chuo kinachosifiwa inaweza kuwako idara ya takwimu iliyobaki na walimu wawili, na kwenye chuo kisichotajwa ikawako idara ndogo ambayo kila mwanafunzi anajulikana kwa jina na tasnifu yake inasomwa ndani ya wiki tatu. Usiwaandikie wakuu wa chuo, mwandikie mkuu wa idara.

Tukaandika. Tulimuomba atueleze, kwa miaka mitano iliyopita, walipokea wanafunzi wangapi wa uzamili wa takwimu, wangapi wamemaliza, na kwa kawaida wanachukua miaka mingapi. Tukauliza nani angemsimamia katika mada anayoitaka, ambayo ni makadirio ya samaki wanaovuliwa na wavuvi wadogo wa ziwa hili, na msimamizi huyo ana wanafunzi wangapi sasa hivi. Tukauliza mtahini wa nje anatoka wapi. Na tukauliza wahitimu wao wako wapi leo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Benki Kuu, kampuni za bima, vyuoni, au nyumbani wanasubiri. Binti akaongeza la kwake, ambalo mimi sikuliwaza: wasichana wangapi walimaliza. Nikamkumbusha kwamba Profesa Verdiana Masanja, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata uzamivu wa hisabati, aliufuata Berlin miaka ya themanini, na akarudi kufundisha Dar es Salaam. Njia ipo, imeshakanyagwa. Lakini ana haki ya kujua wangapi wamepita na wangapi wameishia njiani.

Utaniuliza, je, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haifanyi kazi hiyo? TCU, iliyopo tangu 2005, hutoa ithibati. Inakagua kama programu ina walimu wenye sifa na mtaala unaokubalika. Hiyo ni kazi kubwa na ya lazima, nami naiheshimu. Ila ithibati ni kama leseni ya chombo cha majini. Inakwambia chombo kinafaa kuelea. Haikwambii kwa kawaida kinafika bandarini baada ya siku ngapi, na abiria wangapi hushukia njiani.

Nchi hii inajua kuhesabu. Agosti 2022 tulihesabiwa wote, watu 61,741,120, makarani wakafika na vishikwambi mpaka nyumba ya mwisho ya mwambao huu ambako gari halifiki. Kama tuliweza kumhesabu kila mvuvi alipolala usiku ule, hatuwezi kushindwa kuhesabu wanafunzi kumi na tano wa uzamili wa idara moja na kusema wangapi wamemaliza. Hesabu hiyo haihitaji Shanghai wala Hispania. Iko kwenye faili la katibu muhtasi wa idara, kabati la pili.

Basi nawaomba wakuu wa idara za Hisabati, Takwimu, Uchumi na Sayansi ya Data, Mlimani, Dodoma, Morogoro, Changanyikeni, Arusha na kokote mlipo: bandikeni hesabu hiyo. Kwenye tovuti kama mna tovuti, mlangoni kama hamna. Walioingia, waliotoka, miaka waliyokaa. Na TCU iwatake mfanye hivyo kila mwaka. Mzazi wa Lundo ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa, maana ndiyo hesabu anayoipiga kila asubuhi ufukweni: mitumbwi mingapi iliingia majini, mingapi imerudi, na saa ngapi.

Binti alizituma barua tatu Jumatatu asubuhi, kwa idara tatu za vyuo vitatu. Mpaka jana jioni idara moja ilikuwa imejibu, kwa ukurasa mmoja na nusu, na namba zote alizoziomba zimo, pamoja na ile ya wasichana. Chuo hicho ni cha chini kabisa kati ya vitatu kwenye karatasi zake zote mbili. Ameanza kujaza fomu. Idara mbili zilizobaki, kama mnanisikia, mjibuni. Dirisha la maombi bado liko wazi.